Chakula cha Kule

Sabuni ya mche Kisa aliikata kwa uzi, si kwa kisu. Kisu hubomoa vipande vidogo vidogo vinavyopotea bure. Uzi hupita kimya na haudondoshi kitu. Kipande kimoja cha vyombo, kimoja cha nguo, kimoja cha mwili, na kile kilichokwisha kikawa chembamba kama ukucha alikigandamiza juu ya kipya, vikashikana, siku zikaendelea. Majani ya chai aliyarudisha jikoni mpaka maji yakakataa kugeuka rangi. Balbu alizifungua vyumba vyote akabakiza ya sebuleni, na hiyo nayo iliwaka pale tu aliposikia kitu kikitambaa. Kuni hakununua. Alipikia pumba za mpunga alizozoa bure mashineni, akazishindilia kwenye jiko la debe zikawaka taratibu kutwa nzima. Na simu yake ilikuwa ya kubipu. Kila mtu pale kijijini Ngana aliyekuwa na namba yake alijua kwamba ikiita mara moja ikakata, ndiye.

Majirani walimsema, wangemwachaje? Jubilate, mwanamke wa nyumba ya pili, alipenda kusema kwamba mama Nancy angeuza hata kivuli chake kama kingepata mnunuzi. Kisa alisikia, na hakukasirika. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lake, kama kuna mtu angejisumbua kulitafuta: hakukasirika, hakufurahi, hakulia. Tangu mwaka juzi, mumewe Ambilikile alipogongwa na lori barabara ya Kasumulu, yeye na pikipiki yake na gunia la mchele nyuma, ndani ya Kisa pakaingia ganzi, ile ya mguu uliokaliwa vibaya, ila hii haikuisha. Msibani wanawake walimfinya mapaja wakimnong'oneza alie, watu wanaangalia. Yeye akawa anaangalia masufuria ya wapishi, akiwaza jinsi wanavyomwaga mafuta.

Ubanaji ulimfaa kwa sababu hauhitaji moyo. Unahitaji mkono tu, na mkono wake ulikuwa mzima.

Na sababu alikuwa nayo. Nancy, mtoto wake wa pekee, alikuwa anasomea uuguzi Mbeya na amebakiza mwaka mmoja. Chuo kilishatoa neno: asiyelipa ada yote kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza, nafasi yake anapewa mwingine. Ambilikile alipokuwa hai, ada ilitoka kwenye mchele aliouvusha mpakani. Sasa ilitakiwa itoke jikoni kwa Kisa, na jikoni kwa Kisa ilitoka kwenye konzi.

Konzi yenyewe ilikuwa hivi. Kila alipopima mchele wa kupika, kabla hajauosha, alichota konzi moja akairudisha kwenye chungu kikubwa nyuma ya mlango, chungu cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, ambacho mama yake alimnunulia Matema alipoolewa. Chungu kikijaa, anauza. Mchele mzima ulikwenda sokoni Kyela mjini, nyumbani zikaliwa chenga. Hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kukosa konzi moja ya mchele. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na mwanzoni ilikuwa kweli.

Midomo ya kulisha ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa wake, na wa pili ulikuwa kule.

Kule ni kwa baba mkwe wake, Mzee Angetile, baba wa marehemu Ambilikile. Nyumba yake ndogo ya matofali ilikuwa ng'ambo ya ua, nyuma ya migomba, na katika miaka yote ya ndoa Kisa hakuwahi kumtazama usoni, hakuwahi kuzungumza naye, na jina lake hakulitamka hata alipokuwa peke yake. Ndiyo miiko ya ukwe ya Wanyakyusa: mkamwana na baba mkwe hawaonani. Wakikutana njiani, mkamwana huingia migombani, akachuchumaa na kujifunika kitenge mpaka mkwe apite, na mkwe naye hugeuza uso. Siku hizi wengi wameacha. Mabinti wanaoolewa sasa wanakaa meza moja na wakwe zao wanagombania paja la kuku, na hata kanisani mchungaji alishasema kwamba kuonana si dhambi. Lakini mzee alikuwa wa zamani, na Kisa alifundwa na mama mkwe wa zamani, Mungu amlaze pema. Tena Ambilikile alipozikwa na kila kitu kikaharibika, miiko ndiyo pekee iliyobaki mahali pake, na wote wawili wakaishika kwa nguvu.

Kwa hiyo alimjua mkwe wake kwa vipande. Alijua kikohozi chake, alijua mlio wa ndara zake, alijua kofia yake ya sufu ikipita upande wa pili wa migomba. Chakula cha kule alikiweka juu ya kigoda chini ya upenu wa nyumba ya mzee, akagonga mfuniko kwa upawa, akaenda kusimama nyuma ya jiko. Mlango ulilia, sahani ikaingia ndani. Baadaye sahani tupu ilirudishwa kigodani, na Kisa akaenda kuichukua.

Mzee akiwa na neno, aliwaambia kuku. Alikuwa na kuku wake wa kienyeji waliozunguka mlangoni kutwa, na aliwahutubia kama mwenyekiti wa kijiji. "Enyi kuku," angesema, "mvua ile ya upande wa Songwe inakuja, na kuna watu wameanika mpunga." Kisa akakimbia kuanua. Au: "Enyi kuku, jana kuna mtu alipita nyuma ya jiko. Watu wafunge milango." Kisa akiwa na jibu, aliiambia sufuria. Waliishi hivyo na waliishi vizuri. Kuna ndoa zenye maneno mengi kuliko hayo na hazina amani.

Mwanzoni konzi ilitoka kwenye sahani ya Kisa peke yake. Mwaka jana mafuriko yalipolala kwenye nusu ya shamba, akaanza kuchota na ya kule. Konzi moja tu. Sahani ikarudi safi. Baadaye akachota nyingine, kisha akapunguza usipa, wale dagaa wa ziwani, akapunguza mawese, akafika mpaka kwenye chumvi, maana chumvi nayo inanunuliwa. Sahani ikaendelea kurudi safi, safi ya kung'aa, kana kwamba imeoshwa. Kisa aliipokea kama risiti: mtu ameshiba, hajabakiza, hajalalamika. Wala kuku hawakuwahi kuambiwa neno lolote kuhusu chakula.

Alisahau jambo ambalo mama mkwe alimwambia siku yake ya kwanza katika jiko lile. Mzee aliyeshiba hubakiza. Hubakiza kidogo pembeni mwa sahani kwa ajili ya mtoto, ndivyo watu wenye heshima zao wanavyokula. Nancy alikua kwa makombo hayo. Alikuwa akikaa pale kigodani kuyasubiri, na ukimwita aje kula chakula chake alisema cha babu ni kitamu zaidi. Sahani inayong'aa ilikuwa inampigia Kisa kelele, naye akaisikia kama sifa.

Kisha kigoda nacho kikaanza kuleta. Asubuhi moja alikuta mayai ndani ya sahani tupu. Wiki iliyofuata mayai tena, halafu jogoo mzima, kafungwa miguu kwa kamba ya mgomba, kalala juu ya kigoda anamkodolea macho. "Enyi kuku," mzee alisema kutoka ndani, "anayesoma Mbeya anasoma kwa ada." Kisa akaelewa, akaiambia sufuria "ndaga", ndiyo asante ya kwao, akaenda kumuuza. Kuku wa kule walikuwa wamenona ajabu. Walikuwa wazito, vifua vimejaa, na mama mmoja mwenye mgahawa pale mjini alimwambia amletee wengine hata kesho. Kisa alijiuliza kidogo kuku hao wanakula nini, akajijibu kwamba ni mchwa wa masika, akaishia hapo.

Pesa aliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya mashati ya marehemu. Kufikia mwezi wa tano kopo lilikuwa limekaribia kujaa. Alikaa kitandani amelishika, akajua kwamba hapo ndipo mtu anapofurahi. Akajaribu, kama mtu anavyojaribu kupiga chafya, haikuja. Akalirudisha chini ya mashati.

Siku yenyewe Ngana nzima ilikuwa imehamia Mwaya, kwenye msiba wa mzee mmoja aliyekuwa na watoto wengi na ng'ombe wengi. Harusi Wanyakyusa watakusamehe usipokwenda. Usipoonekana msibani wataulizana una nini. Jubilate alimpitia asubuhi, kitenge kimekazwa kiunoni.

"Mama Nancy, twende."

"Tangulieni. Nina mpunga juani."

"Mpunga gani na wingu hili?"

Kwa Kisa msiba ni rambirambi, na bakuli la mchele, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na kopo lilikuwa limekaribia. Jubilate alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka miguuni.

"Wa kwako tulikuja wote," alisema, akasonya, akaenda zake.

Lilikuwa neno zito, na mtu mwingine lingemlaza kitandani. Kisa alilisikia likipita, akaenda kupepeta chenga.

Mchana alipika. Konzi zake zikarudi chunguni. Akabeba sahani ya kule, akaiweka kigodani, akagonga mfuniko, akaenda nyuma ya jiko kusubiri mlango ulie. Mlango haukulia. Alipochungulia, kuku walikuwa wameshausukuma mfuniko ukaanguka, wamepanda kigodani wanakula wali. Hawakugombana wala hawakuwa na haraka, walikula kama watu walio mezani kwao. Tetea mmoja akadonoa punje ya mwisho, akapangusa mdomo kwenye ukingo, akashuka.

Sahani ikabaki inang'aa.

Kisa aliutambua mng'ao ule. Ndio aliokuwa akiupokea kila siku tangu mafuriko, akiuweka majini na kuushukuru.

"Enyi kuku," alisema. Sauti yake ilimshangaza mwenyewe, maana hao hawakuwa kuku wake wa kuzungumza nao. "Mzee wenu yuko wapi?"

Ndani kimya. Akagonga mfuniko tena, kwa nguvu, kama anayefukuza ngedere shambani. Akaenda kwa Jubilate, kumefungwa. Nyumba iliyofuata, kumefungwa. Mashineni hapakuwa na mtu, dukani hapakuwa na mtu, kijiji kizima kilikuwa kimekaa Mwaya kinakula nyama ya msiba. Aliporudi mvua ilikuwa imeanza. Akasimama chini ya upenu wa kule, karibu na kigoda, mahali ambapo hajawahi kukaa zaidi ya muda wa kuweka sahani. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Kuingia ilikuwa kubomoa kitu alichokilinda tangu alipokuwa bibi harusi, na alikilinda vizuri. Kulikuwa na wanawake waliomsifu kwa hilo tu. Akajifunika kitenge mpaka machoni, akausukuma mlango huku akitazama sakafu.

Aliona miguu kwanza. Miguu ilikuwa sakafuni, si kitandani, na visigino vilikuwa vimepasuka kama udongo wa shamba la mpunga wakati wa kiangazi. Ndara moja ilikuwa imevuka, nyingine ilikuwa bado mguuni. Mzee alikuwa ameanguka kati ya kitanda na ukuta. Alimsikia Kisa akiingia, na alichofanya kilikuwa kimoja, kwa nguvu zote alizokuwa nazo: aliinua kiganja akafunika uso wake.

Kisa alipitisha mikono chini ya makwapa yake, akajikaza kama mtu anayeinua gunia la mpunga, akavuta, na nusura aanguke chali. Hapakuwa na gunia. Alikuwa amejiandaa kumbeba mtu mzima, mikononi mwake kikaja kitu kilichoweza kubebwa na mtoto. Akamlaza kitandani. Kisha akatoa simu, akampigia Nancy, na ilipoita mara moja kidole kikakata chenyewe. Akakitazama kidole. Akapiga tena, akaiacha iite.

"Mama?" Nancy alipokea akihema. "Umepiga kweli? Nani amekufa?"

"Babu yako kaanguka."

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Ana joto? Kuna mtu anaweza kumgusa?"

"Mimi nimemgusa."

Nancy alikuwa mtoto wa ua ule, alijua neno hilo lina maana gani.

"Sawa, mama. Sasa mwangalie, uniambie unaona nini."

"Nitamwangaliaje, Nancy?"

"Kwa macho. Si uko peke yako hapo? Mwangalie."

Kisa akashusha kitenge kutoka machoni. Kiganja cha mzee kilikuwa kimechoka, kimeteleza kutoka usoni, na macho yake yalikuwa yamefumbwa. Akamtazama. Pale juu ya mto palikuwa na paji la uso la Ambilikile. Palikuwa na pua ya Ambilikile, na lile sikio lililojikunja juu kidogo, ambalo yeye alidhani amezaliwa nalo mtu mmoja tu duniani. Uso wa mumewe ulikuwa ng'ambo ya ua muda wote huu, umezeeka, unakohoa, na yeye alikuwa akiuwekea sahani na kukimbia.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Mashavu yakoje?"

"Yameingia."

"Mkono. Shika mkono wake hapa juu, karibu na bega. Ukoje?"

"Naushika wote," Kisa alisema. "Vidole vyangu vinakutana."

"Mama..."

"Suruali ameifunga kwa kamba ya mgomba. Imezunguka mara mbili."

Kule Mbeya Nancy alivuta pumzi. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya mtu wa wodini, ya taratibu. "Babu anakula nini?"

"Si ndicho chakula ninachompelekea."

"Kiasi gani?"

Kisa akakunja kiganja chake hewani, kana kwamba mtoto anamwona. Halafu akasema jambo ambalo lilikuwa limeshamfikia tangu kwenye kigoda na ambalo alikuwa amelizuia mlangoni. "Nilikuwa napunguza. Na hicho kilichobaki yeye alikuwa anakigawa na kuku. Na kuku ananipa mimi, nauza."

"Unauza ufanyie nini?"

Nancy akalijua jibu mwenyewe. Walisikiliza mvua, mmoja ya Ngana na mwingine ya Mbeya, na salio likaenda bila mtu kulionea huruma. Kisa alikuwa ameuza chakula cha mkwe wake mara mbili, mara ya kwanza kama konzi, mara ya pili kama mayai. Alilijua hilo kwa ukamilifu kabisa, na bado ndani hapakusogea kitu. Hilo ndilo lililomtisha.

"Usimjaze," Nancy alisema mwishoni. "Mtu wa hali hiyo ukimshindilia chakula ghafla unamuua. Uji mwepesi. Kijiko kwa kijiko. Weka sukari na chumvi kidogo. Kesho asubuhi mpeleke zahanati."

Sukari haikuwemo katika nyumba ile kwa muda mrefu. Kisa aliponda ndizi mbivu, akaikorogea kwenye uji, akakung'uta kopo la chumvi mpaka likatoa mavumbi yake ya mwisho, akarudi kule. Mzee alikuwa amegeukia ukutani. Alilishwa hivyo, mgongo kwa mlishaji, kijiko kikipita juu ya bega na kutafuta mdomo.

Jubilate aliporudi kutoka Mwaya jioni alimkuta Kisa anatoka mlango wa kule na bakuli mkononi. Akashika mdomo.

"Unaingia mwenyewe?"

"Naingia."

Jubilate alichungulia ndani. Kisha akaenda kumwita mumewe aje amwogeshe mzee, na mwenyewe akarudi na maziwa ya ng'ombe wake kwenye kidumu. Hakusema neno la kivuli wala la kuuza. Ingekuwa nafuu kama angesema.

Asubuhi Kisa alifungua kopo. Ilitoka pesa ya bajaji kwenda zahanati, ikatoka ya dawa, ikatoka ya maziwa na samaki na sukari na karanga, maana muuguzi alisema huyu mzee ana njaa tu, hana ugonjwa mwingine wa kumtafutia jina. Alisema mbele ya watu wa foleni. Wiki ya kwanza ikaisha, na ya pili, na kopo likawa linalia kila likiguswa. Hata asiyejua hesabu angeona kwamba haliwezi kujaa tena kwa wakati. Kisa alimpigia Nancy, akamwambia bila kuzunguka.

"Watampa mwingine nafasi yako."

"Najua, mama."

"Mwaka mzima utakaa."

"Nitakaa. Nitakuja kuvuna mpunga na nyie." Kisha Nancy akauliza, "Babu amekula leo?"

"Amekula."

"Basi."

Kisa alijua kwamba hapo ndipo mtu anapolia. Alisubiri kidogo, ikiwa labda itakuja, kisha akaenda kuwasha jiko.

Siku ile alipika mchele mzima, si chenga. Aliuchota kwenye chungu cha Wakisi, akaupima, na kabla hajauosha mkono ukaenda wenyewe, ukachukua konzi, ukanyooka kuelekea chunguni. Akausimamisha njiani. Akasimama hapo na ngumi imejaa mchele, kama mwizi aliyekamatwa, kisha akaifungua juu ya sufuria.

Hakuweka sahani kigodani. Alibeba sahani kwa mkono mmoja na kigoda kwa mwingine, akaingia navyo kule, akakaa karibu na mlango. Mzee alikuwa amekaa kitandani, ana nguvu za kukaa sasa. Akapokea sahani kwa mikono miwili bila kugeuka, akaiweka mapajani, uso wake ukiwa ukutani kama kawaida, akaanza kula. Kisa alitazama mgongo ule. Hakuwahi kumwona akila mwenyewe. Alikula polepole, akitafuna upande mmoja, kama alivyotafuna Ambilikile. Kisha, kabla hata sahani haijafika nusu, mkono wa mzee ukaanza kukusanya wali, ukausogeza upande mmoja, ukauweka pamoja vizuri. Ulikuwa unagawa. Kuku walikuwa nje, wamefungiwa bandani, na mkono bado ulikuwa unawagawia.

"Baba," Kisa alisema.

Mkono ukasimama. Katika miaka yote hiyo neno hilo halijawahi kupita kati yao.

"Baba, kuleni," alisema tena, kwa ule wingi wa heshima unaotumika kwa mkwe. "Kuleni chote. Kuku nimeshawapa pumba."

Mzee hakugeuka. Alikaa hivyo, kichwa kimeinama, na Kisa akadhani amemkosea zaidi ya pale pa kwanza. Kisha mzee akakohoa kile kikohozi chake.

"Enyi kuku," aliuambia ukuta. Humo ndani hapakuwa na kuku hata mmoja. "Mwambieni mama Nancy kwamba chakula hakina chumvi." Akatafuna kidogo, akameza. "Hakina chumvi tangu mafuriko. Mtu amevumilia, lakini leo kimezidi."

Kisa akainuka kwenda kuifuata. Alifika kwenye migomba, katikati ya ua, pale alipokuwa akichuchumaa na kujifunika, na hapo kicheko kikamtoka. Kilimtoka kwa puani kwanza, kisha kwa mdomo, kikawa kikubwa, na kilipokuwa kikubwa kabisa kikageuka. Alishika mgomba akamlilia Ambilikile kwa sauti ile waliyomfinyia mapaja aitoe. Jubilate aliisikia kutoka nyumbani kwake, akatoka nje, akasikiliza, akarudi ndani bila kuja kuuliza. Ilikuwa inauma kila mahali, kama mguu unapoamka.

Akafuta uso, akaingia jikoni, akachukua pakiti ya chumvi aliyoinunua kwa pesa ya kopo na ambayo mkono wake ulikuwa umeisahau, akarudi nayo nzima kule. Akanyunyiza juu ya wali wa mzee, akanyunyiza tena. Mzee akala. Alikula ule wa kwake na ule aliokuwa ameugawa, na Kisa alikaa kigodani akamtazama mpaka mwisho, bila kitenge usoni.

Mwishoni mzee akanyoosha sahani nyuma, juu ya bega, bila kugeuka. Haikuwa inang'aa. Pembeni mwake palikuwa na wali kidogo, umesogezwa pamoja na vidole, kama wanavyobakiziwa watoto.

Kisa aliitazama sahani. Mtoto hakuwepo, alikuwa Mbeya anafungasha. Akaiweka mapajani, akaula ule wali wote, na ulikuwa na chumvi ya kutosha.